Jinsi ya Kuhesabu Wanyama kwa Ndege

Somo la redio kwa wanakisomo

*Kwa kiongozi wa kikundi: Kabla ya matangazo kuanza, tandika mkeka mbele ya wanakisomo na uweke karibu nawe bakuli la mahindi na kitambaa. Kama kikundi kina ramani ya Tanzania, itundike ukutani. Baada ya matangazo, someni maandishi haya pamoja, polepole, kisha mjibu maswali yaliyo mwisho.*

 

Leo tutaanza kwa mchezo mdogo. Kiongozi wa kikundi, tafadhali chota mahindi kwa mikono miwili, uyamwage juu ya mkeka. Wengine wote mtazame kwa muda wa kuhesabu moja mpaka kumi, basi. Sasa yafunikwe kwa kitambaa. Kila mtu aandike katika daftari lake ni punje ngapi alizoziona. Usimtazame jirani yako. Andika yako mwenyewe. Mkisha kuandika, funueni, mzihesabu punje moja moja.

Mimi nililifanya jaribio hili ofisini nilipokuwa nikitayarisha somo. Nilikisia punje 150. Tulipohesabu tulikuta 238. Na mimi nilikuwa nikijisifu kuwa nina macho mazuri! Bila shaka wengi wenu mmepata kama nilivyopata. Vitu vikiwa vichache, macho huhesabu sawasawa. Vikiwa vingi na vimerundikana, mara nyingi macho huhesabu pungufu.

Shikeni jambo hilo, maana ndilo mlango wa somo letu. Leo tutajifunza jinsi wataalamu wanavyotumia ndege kuhesabu wanyama na kuchunguza hali ya nchi, na mfano wetu mkubwa utakuwa Serengeti.

Kwa nini tuhesabu kwa ndege?

Mfugaji akitaka kujua hali ya ng'ombe wake, husimama mlangoni pa zizi jioni. Ng'ombe huingia mmoja mmoja, naye huhesabu. Akikosekana mmoja, anajua. Lakini nyumbu hawana zizi, wala hawana mlango. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 14,000, na nyumbu hawakai mahali pamoja. Wakati wa mvua hukusanyika katika nyanda za nyasi fupi za kusini, na huko huzaa. Mvua zikiisha huenda magharibi na kaskazini, na wengine huvuka mpaka na kuingia Masai Mara, nchini Kenya. Mvua zikirudi, nao hurudi.

Mtu anayewahesabu kwa miguu atafanya nini? Leo atahesabu kundi hili. Kesho kundi lile lile litakuwa limekwenda mahali pengine, naye atalihesabu mara ya pili akidhani ni jipya. Kundi jingine hatalikuta kabisa. Mwisho wa mwezi atakuwa na daftari lililojaa tarakimu, lakini hatakuwa na hesabu.

Ndege hupita juu ya nchi kubwa kwa siku chache, kabla wanyama hawajahama. Hiyo ndiyo faida yake ya kwanza.

Ndege yenye mistari ya pundamilia

Mwaka 1958, nchi ikiitwa bado Tanganyika, Wajerumani wawili waliruka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe kama pundamilia. Mmoja alikuwa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt. Wa pili alikuwa mwanawe, Michael. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa ikipanga mipaka mipya ya hifadhi, na baba na mwana walitaka kujua mambo mawili: wanyama ni wangapi, na huenda wapi kwa miezi yote ya mwaka.

Walihesabu wanyama wakubwa wa nyanda karibu 367,000, na kati yao nyumbu walikuwa karibu 99,000. Tena waliona kwamba makundi yalikuwa yakikaa muda mrefu katika nyanda zilizokuwa zikikatwa kutoka katika hifadhi. Hata hivyo, mwaka 1959 nchi iligawanywa: Ngorongoro na nyanda za mashariki zilitengwa na Serengeti. Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti walitakiwa kuhamia upande wa Ngorongoro. Angalieni basi, wanakisomo: mstari mmoja juu ya ramani huweza kumhamisha mtu na boma lake, na ng'ombe wake, na kisima chake. Ndiyo maana hesabu inayowekwa mbele ya watawala haina budi kuwa ya kweli.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ile iligongana na tumbusi, yaani yule ndege mkubwa alaye mizoga, ikaanguka. Michael alikufa, naye alikuwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Baba yake alipofariki mwaka 1987, alizikwa kando yake.

Namna tatu za kuhesabu

Sasa tujifunze kazi yenyewe. Kuna namna tatu.

Namna ya kwanza ni kuhesabu wote. Nchi hugawanywa vipande vipande juu ya ramani, na ndege hupita katika kila kipande mpaka kiishe. Njia hii hufaa kwa wanyama wakubwa wanaoonekana kwa urahisi, kama vile tembo na nyati.

Namna ya pili ni kuhesabu sehemu tu. Ndani ya ndege huwa na watu wanne. Rubani huendesha. Aliye kando yake huandika saa na mahali, na hali ya nchi: nyasi ni mbichi au kavu, moto umepita au haujapita. Wawili wa nyuma hutazama nje, mmoja kushoto, mmoja kulia. Kila upande wa ndege zimefungwa fimbo mbili. Mhesabuji huhesabu wanyama wanaopita kati ya fimbo hizo tu. Mnyama aliye nje ya fimbo, hata kama ni tembo mwenye pembe kubwa namna gani, haandikwi.

Kwa nini? Kwa sababu fimbo hizo hukata ukanda wa ardhi ambao upana wake unajulikana. Tuseme ndege ikiwa juu kiasi cha meta 90, ukanda wa kila upande una upana wa meta 150. Pande mbili ni meta 300. Ndege huenda kwa mstari ulionyoka mpaka mwisho wa nchi, kisha hurudi kwa mstari mwingine ulio mbali na wa kwanza kwa kilomita 5, yaani meta 5,000. Basi katika kila meta 5,000, wahesabuji wameona meta 300. Hiyo ni sehemu 6 katika kila 100.

Chukueni penseli. Kama katika sehemu 6 wamehesabu wanyama 600, sehemu 1 ina wanyama wangapi? Gawanyeni 600 kwa 6. Mmepata 100. Na sehemu zote 100 zina wanyama wangapi? Zidisheni 100 kwa 100. Mmepata 10,000. Hivyo, kwa kuhesabu 600 tu, tunakisia kwamba nchi yote ina wanyama kiasi cha 10,000. Mama anayepika hufanya vivyo hivyo: huonja kijiko kimoja, akajua chumvi ya chungu kizima. Lakini kwanza hukoroga. Wahesabuji hawawezi kukoroga nchi. Kwa hiyo hueneza mistari yao kila mahali, wasije wakaonja upande mmoja tu.

Rubani naye ana wajibu mkubwa. Akipanda juu mara mbili, ukanda ulio kati ya fimbo nao hupanuka mara mbili, na hesabu yote huharibika. Kwa sababu hiyo ndege ya kuhesabia ina chombo cha kupimia kimo chake juu ya ardhi, na rubani hukitazama daima.

Namna ya tatu ni kupiga picha. Hii ndiyo inayofaa kwa nyumbu. Kumbukeni mahindi juu ya mkeka! Mtu akipita juu ya nyumbu elfu kumi walioshikamana, hawezi kuwahesabu kwa macho. Basi kamera hutazamishwa chini, na ndege hupiga picha baada ya kila umbali uliopangwa. Ofisini, watu hukaa mezani na kuweka alama juu ya kila nyumbu aliye katika picha, mmoja mmoja, ili asihesabiwe mara mbili. Ni kazi ya kuchosha macho na mgongo. Lakini picha ina sifa moja kubwa: haisahau. Mtu akiitilia shaka hesabu yako, mpe picha ahesabu mwenyewe.

Hesabu iliyofichua habari ya sotoka

Mzee mmoja anaweza kuniuliza: "Mwanangu, mahesabu yote hayo yanatusaidia nini sisi wenye ng'ombe?" Mzee wangu, swali lako ni zuri, na jibu lake ndilo kiini cha somo hili.

Mwaka 1961 hesabu ya nyumbu wa Serengeti ilikuwa karibu 250,000. Mwaka 1977 ilikuwa imepita milioni moja na robo. Katika miaka 16 nyumbu walikuwa wameongezeka mara tano. Ndege ziliyaonyesha hayo waziwazi. Lakini ndege haikuweza kusema kwa nini. Sababu ilitafutwa chini.

Wazee wetu walilijua sana gonjwa la sotoka. Mnamo mwaka 1890 lilipita Afrika ya Mashariki likaua ng'ombe bila hesabu, na watu wakafa njaa nyuma ya ng'ombe wao. Nyumbu na nyati nao walikufa. Baada ya pigo hilo kubwa ugonjwa ulibaki, ukiua ndama wa nyumbu kila mwaka. Watu wengi walidhani kwamba wanyama wa porini ndio waliokuwa wakiutunza ugonjwa na kuwapa ng'ombe.

Katika miaka ya 1950 ng'ombe walio kandokando ya Serengeti walianza kuchanjwa. Hakuna aliyechanja nyumbu hata mmoja. Baadaye wataalamu walipima damu ya nyumbu. Damu ya wale waliozaliwa baada ya mwaka 1963 haikuwa na dalili ya sotoka. Ndama walikuwa wakipona, na makundi yakakua. Kumbe ugonjwa ulikuwa ukitoka kwa ng'ombe kwenda kwa nyumbu! Mfugaji aliyepeleka ng'ombe wake kwenye chanjo aliiponya mifugo yake, na bila kujua akawaponya na nyumbu. Katika miaka ya 1970 mvua za kiangazi nazo ziliongezeka, nyasi zikapatikana, na hilo pia lilisaidia. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote.

Tazameni jinsi kazi mbili zilivyoshikana. Bila ndege, tusingejua kwamba nyumbu wameongezeka kiasi hicho. Bila mtu wa chini mwenye sindano na chupa ya damu, tusingejua sababu. Mmoja peke yake angekuwa na nusu ya habari.

Nyasi, moto na miti

Ndege haihesabu wanyama tu. Tangu mwaka 1969 mpaka 1972 ndege iliruka juu ya Serengeti kila mwezi, na waliomo waliandika makundi yako wapi na nchi iko katika hali gani. Kwa njia hiyo mambo yaliyoonekana kuwa mbalimbali yaliunganishwa. Nyumbu wakizidi, hula nyasi nyingi. Nyasi zikipungua, moto wa kiangazi hauna cha kula. Moto ukipungua, miche ya miti haiungui, na miti huongezeka. Chanjo ya ng'ombe ikawa imefika mpaka kwenye vichaka!

Miti yenyewe hupimwaje kutoka angani? Kwa jambo hili twende kusini, katika hifadhi ya Kruger iliyoko Afrika Kusini. Huko ndege ilichukua chombo kinachorusha mwanga uitwao leza. Mwanga huo hushuka, hugonga kitu, hurudi. Ukigonga kilele cha mti hurudi mapema. Ukifika ardhini huchelewa kidogo. Chombo hupima tofauti hiyo ndogo sana ya wakati, na kutokana nayo urefu wa mti hujulikana. Wataalamu walipima maelfu mengi ya miti mwaka 2008, wakarudia mwaka 2010. Walilinganisha sehemu ambazo tembo huingia na sehemu zilizozungushiwa uzio. Penye tembo miti ilianguka kwa wingi zaidi, hata kufikia mara sita. Lakini hata huko watu walikwenda kwa miguu kuitazama miti yenyewe, ili kuhakikisha kwamba chombo kimesema kweli.

Mizoga nayo huhesabiwa

Sasa turudi nyumbani, kwa habari ya huzuni. Mwaka 2009 tembo wa Tanzania walikisiwa kuwa zaidi ya 109,000. Mwaka 2014 ndege zilipopita tena, walikuwa karibu 43,000. Katika miaka mitano zaidi ya nusu walikuwa wamepotea, na ujangili ndio uliokuwa chanzo kikubwa.

Katika kazi hiyo wahesabuji huandika tembo walio hai, na mizoga pia, yaani mifupa inayong'aa juani. Mizoga ikiwa michache, tembo wanakufa kwa uzee na maradhi kama ilivyo desturi ya viumbe. Mizoga ikiwa mingi kuliko kawaida, kuna mkono wa mtu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ili uzibe ufa, sharti kwanza uuone, na hesabu inayorudiwa ndiyo huonyesha ufa ungali mdogo.

Jihadharini na tarakimu

Kabla ya kumaliza, nataka kuwaonya juu ya jambo moja. Mnakumbuka kwamba mwaka 1958 walihesabiwa nyumbu karibu 99,000, na mwaka 1961 karibu 250,000. Je, nyumbu waliongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka mitatu? Sivyo. Nyumbu huzaa ndama mmoja tu kwa mwaka, na ndama wengi hufa. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kuhesabu.

Jambo hili linaendelea hata baada ya kupata vyombo vipya. Mwaka 2025 watafiti walichapisha hesabu iliyofanywa kwa picha za setilaiti, yaani picha zilizopigwa kutoka juu sana kuliko ndege yoyote, nazo zikahesabiwa na kompyuta. Walipata nyumbu chini ya 600,000 kwa mwaka 2022 na pia kwa mwaka 2023, wakati ambapo kwa miaka mingi watu walikuwa wakitaja milioni moja na zaidi. Je, nyumbu wamepungua, au wengine walikuwa chini ya miti au nje ya picha? Watafiti wenyewe hawakusema kwamba nyumbu wamekufa nusu. Njia mbili zikitofautiana hivyo, mwenye busara hachagui tarakimu inayompendeza. Hurudi kupima tena kwa njia zote mbili, mahali pamoja na wakati mmoja.

Basi mtu akiwaletea tarakimu, iwe ya nyumbu, ya magunia au ya watu mkutanoni, mwulizeni maswali matatu: Umehesabu kwa njia gani? Umehesabu wote au sehemu? Nani alikwenda chini kuhakikisha? Mtu mkweli hatakasirika kuulizwa.

Muhtasari

Macho hukosea vitu vikiwa vingi, kwa hiyo twatumia fimbo, picha na mistari iliyonyoka. Ndege huona mbali na huona upesi, na mtu wa chini hueleza sababu. Hesabu moja hutuambia kidogo. Hesabu inayorudiwa kwa njia ile ile hutuambia mengi.

Maneno ya kujifunza

Rubani – mtu anayeendesha ndege.
Ukanda – kipande kirefu na chembamba cha ardhi.
Kukisia – kusema idadi bila kuhesabu vyote.
Mzoga – mwili wa mnyama aliyekufa.
Sotoka – ugonjwa ulioua ng'ombe, nyati na nyumbu.
Uzio – ua wa kuzuia wanyama wasipite.

Maswali ya kikundi

1. Kwa nini mtu hawezi kuwahesabu nyumbu wote wa Serengeti kwa miguu?
2. Fimbo zilizofungwa kando ya ndege zina kazi gani?
3. Wahesabuji wameona sehemu 5 katika kila 100, wakahesabu pundamilia 400. Kisieni, nchi yote ina pundamilia wangapi?
4. Chanjo ya ng'ombe iliwasaidiaje nyumbu?
5. Katika kijiji chenu, ni kitu gani ambacho kingefaa kuhesabiwa kila mwaka kwa njia ile ile? Zungumzeni, kisha mmoja aandike mliyokubaliana.

Kazi ya nyumbani

Mwanakisomo apime hatua 10 kwa hatua 10 katika shamba lake, ahesabu mashina ya mahindi yaliyomo, kisha akisie shamba zima. Arudie mahali pengine katika shamba lile lile. Majibu yake mawili yakitofautiana, asiyafute. Ayaandike yote mawili na kuyaleta darasani, tuyazungumze.

Kwaherini, mabibi na mabwana. Tukutane katika somo lijalo.